Maji ya sabuni yavunja ukuta, yapatanisha majirani Kabonga

Na Mwandishi Maalumu, Kabonga

UKUTA wa jiko la jirani yangu ulianguka usiku, mwezi wa Aprili, mvua ikiwa imenyesha siku nne mfululizo. Hakuna aliyeumia. Asubuhi mama huyo alisimama juu ya kifusi cha matofali mabichi, sufuria zake zimefunikwa na tope, akanyoosha kidole kuelekea kwenye ua wetu. Hakuilaumu mvua. Alilaumu maji yetu ya sabuni.

Alikuwa na haki. Kwa miaka kadhaa milango mitano ya ua wetu ilikuwa ikimwaga maji ya kufulia, ya kuogea na ya kuoshea vyombo mahali pamoja. Maji hayo yalijichimbia mfereji, yakapita chini ya uzio wa minyaa, yakaishia nyuma ya jiko lake. Mvua ilimalizia tu kazi ambayo sisi tulikuwa tumeianza zamani.

Makala haya yanahusu maji hayo. Sizungumzii maji ya chooni, bali yale tunayoyamwaga kila siku bila kuyafikiria: ya beseni, ya karai na ya bafu la mabati. Yanaweza kuvunja ukuta na ujirani. Yakipangiwa njia, yanaweza pia kulisha migomba. Nimeyaona yote mawili katika ua mmoja.

Ua wa milango mitano

Kwa msomaji asiyeijua Kabonga, hapa ni mwambao wa Ziwa Tanganyika, kusini ya Nyanza-Lac, karibu na mpaka wa Tanzania. Watu wa hapa ni wavuvi, wachuuzi wa ndagala, wakulima wa michikichi na mihogo, na wengi ni watu waliorejea kutoka ukimbizini.

Mimi ni mmoja wao. Wazazi wangu walikimbia mwaka 1972. Nilizaliwa Mishamo, magharibi mwa Tanzania, nikasoma huko kwa Kiswahili, nikarudi mwaka 2009 nikiwa mwalimu asiyejua Kifaransa. Shamba la baba tulikuta likiwa na watu wengine ambao nao walikuwa wameishi hapo zaidi ya miaka thelathini. Kama ilivyokuwa kwa familia nyingi za Rumonge na Nyanza-Lac, tuligawana. Sisi tulipata nusu ya juu, wao nusu ya chini.

Hapo ndipo penye mzizi wa jambo. Waliopima ardhi walipima urefu na upana. Hakuna aliyeuliza maji ya nusu ya juu yatapita wapi. Na maji, kama kila mtu ajuavyo, hayasomi hati ya mgawanyo. Yanateremka.

Baadaye, kwa kuwa kiwanja ni chembamba, tulijenga nyumba ndefu ya milango mitano: mlango mmoja wetu, minne ya kupangisha. Wapangaji hawakuwa shida kupatikana, hasa baada ya ziwa kupanda kuanzia miaka ya 2019 na 2020 na kufunika nyumba za ufukweni kutoka Gatumba hadi huku kusini. Waliokuwa wakiishi kando ya maji walipanda juu kutafuta vyumba.

Nilipoanza kulifikiria jambo hili nilifanya kama mwalimu afanyavyo: nilihesabu. Katika ua wetu tulikuwa watu 24. Kila siku yaliingia bidoni 24 za lita 20, yale ambayo Tanzania tuliyaita madumu. Hizo ni lita 480, yaani lita 20 kwa mtu, kiasi ambacho ni kidogo kabisa kwa maisha ya staha. Ukiondoa ya kunywa, ya kupikia na ya usafi wa choo, lita zipatazo 340 zilirudi kumwagwa chini. Zaidi ya bidoni 16 kila siku zilikuwa zikitumwa kwenye ukuta wa jirani.

Hukumu ya mbuzi

Jirani alitupeleka kwa wazee wa kilima. Nilikwenda nikiwa nimejiandaa kujitetea kwamba mvua ni ya Mungu na mteremko ni wa Mungu. Mzee mmoja alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza: "Mwalimu, mbuzi wako akiingia kwenye maharage ya mwenzako, utasema mteremko ndio uliompeleka?" Nikasema hapana. Akasema maji uliyoyachota, ukayalipia na kuyatumia ni mali yako kama mbuzi, hata yakishachafuka.

Tuliamriwa kuujenga ukuta upya na kutafuta njia ya kuyazuia maji ndani ya mpaka wetu. Ukuta ulichukua siku sita. Njia ya maji ilichukua karibu mwaka.

Maji ya aina tatu

Jambo la kwanza tulilojifunza ni kwamba maji machafu si ya aina moja, na kosa kubwa ni kuyachanganya.

Aina ya kwanza ni ya kuoga, kunawa na kufua. Yana sabuni, jasho na vumbi. Hayo ndiyo mepesi kuyatumia tena.

Aina ya pili ni ya jikoni. Yana mafuta na mabaki ya chakula. Huku kwetu kila mboga inapikwa kwa mawese, na mawese yakipoa huganda. Yakimwagwa moja kwa moja kwenye chujio la mchanga, mchanga huziba baada ya muda mfupi na harufu haivumiliki.

Aina ya tatu ni ya kufulia nepi, ya kumwogesha au kumfulia mgonjwa anayeharisha, na ya kusafishia samaki. Mawili ya kwanza hubeba kinyesi, na hapo ndipo ugonjwa ulipo. Hayafai kutumiwa tena hata kidogo, yaende kwenye choo cha shimo. Ya samaki huoza haraka na kuita nzi, nayo tuliyapeleka huko huko.

Watu wa mwambao huu hawahitaji kuelezwa sana kuhusu kipindupindu. Mwezi Mei mwaka 2015, wakimbizi kutoka Burundi walijazana Kagunga, ng'ambo tu ya mpaka, kwenye ufukwe mwembamba uliobanwa kati ya ziwa na milima. Walizidi 50,000. Vyoo havikutosha, maji ya kunywa yalikuwa ya ziwa lile lile, na kipindupindu kikazuka. Maelfu waliugua na makumi walikufa kabla meli, ikiwamo MV Liemba, hazijawasafirisha hadi Kigoma. Aliyeiona Kagunga ya mwaka ule hawezi kumwaga maji ya nepi kwenye mfereji unaoelekea ziwani.

Tangi la mafuta na pipa la mchanga

Baada ya kutenganisha, kazi yenyewe si ya uhandisi mkubwa. Nitaieleza kama tulivyoifanya, ili anayetaka kuiga aige.

Maji ya jikoni hupita kwanza kwenye ndoo kubwa yenye mfuniko. Yanaingia upande mmoja kwa juu. Upande wa pili kuna kipande cha bomba kilichopinda, mdomo wake ukiwa umezama katikati ya ndoo. Mafuta huelea juu na uchafu mzito hutuama chini, hivyo bomba hunyonya maji ya katikati. Kila baada ya siku tatu mtu hufungua mfuniko, akakwangua mafuta yaliyoganda na kuyafukia mbali na nyumba.

Kutoka hapo maji hukutana na yale ya kuogea na kufulia, yote yakaingia kwenye pipa lililotobolewa chini. Ndani ya pipa, kutoka chini kwenda juu, kuna mawe ya ukubwa wa ngumi, kisha kokoto, kisha changarawe, kisha mchanga mnene uliooshwa. Juu kabisa tuliweka nyuzi za michikichi, zinazonasa nywele na nyuzi za nguo. Nyuzi hizo hubadilishwa kila wiki.

Chujio la namna hii haliyafanyi maji kuwa ya kunywa. Hilo liandikwe kwa wino mzito. Linapunguza uchafu na harufu ili udongo umalizie kazi, kwa sababu msafishaji mkuu ni vijidudu wanaoishi kwenye udongo na kwenye mizizi.

Kwa hiyo kituo cha mwisho ni shimo la migomba. Unachimba shimo la duara, upana kiasi cha mita mbili na kina kisichozidi mita moja, unalijaza matawi, majani makavu na mabua, kisha unapanda migomba kuzunguka ukingo. Maji yanaingia katikati chini ya majani, hayaonekani, na mbu hawapati pa kutagia. Majani yanapooza unaongeza mengine. Shimo moja humeza maji ya kaya moja au mbili kutegemea udongo, hivyo sisi tulichimba matatu.

Kanuni nyingine ni fupi. Maji yasilazwe kwenye pipa zaidi ya siku moja, maana yakilala yananuka. Yamwagwe kwenye udongo, wala yasinyunyizwe kwenye majani. Yasitumike kwa karoti wala mboga inayoliwa mbichi. Shimo lisiwe karibu na kisima; mita 30 ni umbali unaoshauriwa mara nyingi. Na karibu na ufukwe, ambako ukichimba nusu mita unakuta maji, shimo halifai kabisa. Huko bora gunia.

Bustani ya gunia imeshajaribiwa sana Afrika Mashariki. Gunia husimamishwa, katikati likawa na nguzo ya kokoto kutoka chini hadi juu, pembeni likajazwa udongo uliochanganywa na samadi na majivu. Maji ya sabuni humwagwa kwenye kokoto na kusambaa kwenye udongo, na mboga hupandwa kwenye matundu ya ubavuni. Gunia moja hupokea ndoo moja au mbili kwa siku. Katika eneo la Kawaala, Kampala, watafiti wa Chuo Kikuu cha Makerere walifuatilia bustani za aina hii. Katika mtaa wa Bwaise, pia Kampala, ambako nyumba zimebanana na maji ya ardhini yako juu, lilijaribiwa chujio la hatua mbili lililojazwa mawe ya volkano yaliyopondwa, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 2014. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho kimetumia miaka mingi kuchunguza vitanda vya kokoto vilivyopandwa matete, maji machafu yakipita chini ya kokoto bila kuonekana.

Migomba au mpaka?

Msomaji anaweza kudhani kwamba baada ya kujua hayo yote kazi ilikuwa rahisi. Haikuwa hivyo. Tatizo halikutoka kwenye pipa.

Tulipoanza kuchimba shimo la kwanza, karibu na uzio wa minyaa ambako mteremko unaishia, jirani alitoka mbio na wanawe wawili. Alidhani tunachimba mpaka. Katika nchi ambayo mtu akipanda mgomba anatangaza kuwa ardhi ni yake, shimo lenye migomba sita mpakani ni maneno mazito kuliko barua ya mahakama. Yeye aliyekwisha kugawanywa shamba mara moja aliona anagawanywa mara ya pili, safari hii kwa kisingizio cha usafi.

Tuliacha kuchimba. Tulirudi kwa wazee. Ikaandikwa karatasi moja, kwa Kirundi, ikasema kwamba migomba ile ni ya kunywa maji tu na haisogezi mpaka hata kwa unyayo. Kwamba shimo litakuwa hatua sita ndani ya upande wetu. Na kwamba mkungu wa kwanza wa kila shimo utakwenda nyumba ya chini. Tulitia saini sote wawili, na wazee wakashuhudia.

Kisha zikaja shida za ndani ya ua. Mpangaji mmoja, mzee wa kuheshimika, alikataa bafu lake liunganishwe. Alikuwa anaishi jirani na mkwewe, na alisema hawezi kula ndizi iliyokunywa maji aliyoogea mkwe. Vijana walicheka. Mimi sikucheka, kwa kuwa heshima ya ukwe ni jambo la kweli. Tulimpa gunia lake peke yake, nyuma ya mlango wake. Leo analima lengalenga.

Shida kubwa zaidi ilikuwa ndoo ya mafuta. Kila mtu alitaka ndizi, hakuna aliyetaka kukwangua. Mwezi wa pili ndoo ilijaa, mafuta yakavuka, mchanga ukaziba, na maji yakarudi kwenye mfereji ule ule wa zamani. Tulilazimika kuutoa mchanga wote, kuuosha na kuuanika. Tangu hapo zamu imeandikwa kwa chaki kwenye mlango wa bafu, na anayeruka zamu haingii kwenye mgawo wa mkungu. Kodi ya chumba haikuguswa. Mkungu ulitosha.

Sabuni gani?

Wanafunzi wangu waliniuliza kama sabuni haiui mgomba. Swali zuri. Sabuni nyingi za mche zinazotengenezwa huku kutokana na mawese hutumia magadi makali, ambayo ndani yake mna sodiamu. Sodiamu ikijikusanya, udongo wa mfinyanzi huwa mgumu na maji hayapenyi. Udongo wetu una mchanga mwingi na mvua za masika huusuuza, ndiyo maana hatujaona madhara. Lakini kiangazi tunamwaga maji safi mara moja kwa wiki, ndoo mbili kwa kila shimo, na dawa za kung'arisha nguo zimepigwa marufuku kwenye mfereji.

Nako ziwani je? Ziwa Tanganyika lina kina cha mita zipatazo 1,470 na linagawanywa na nchi nne: Burundi, Tanzania, Congo na Zambia. Maji yake hutoka kwa njia moja tu ya maana, Mto Lukuga upande wa Congo, na hubadilika polepole mno. Kinachoingia leo kitakaa humo baada ya wajukuu wetu. Nchi hizo nne zilitia saini mkataba wa kulilinda mwaka 2003, na mamlaka yake ina makao Bujumbura. Bujumbura ina mabwawa ya kusafisha maji taka huko Buterere. Kabonga haina bomba lolote la maji taka. Tulicho nacho ni ua, na njia maji yanayotokea.

Na wenye maghorofa?

Ningekuwa naandikia wenye nyumba za ghorofa za Bujumbura, Dar es Salaam au Nairobi, ningesema hesabu ni ile ile, ila mabomba yapangwe kabla ya zege. Jengo lenye bomba moja la kuteremsha kila kitu haliwezi kutenganisha baadaye bila kuvunja kuta. Jengo lenye mabomba mawili, moja la choo na jingine la bafu na masinki ya kunawia, linaweza kukusanya maji mepesi, kuyachuja, kuyaua vijidudu na kuyarudisha kuvuta vyoo. Choo cha kuvuta hutumia lita sita au zaidi kila mara, na ni aibu kutumia maji ya kunywa kwa kazi hiyo wakati wapangaji wa ghorofa ya juu wanalala macho wakisubiri bomba litoe maji. Bomba la maji yaliyotumika lipakwe rangi tofauti ili fundi asije akaliunganisha na la kunywa. Japani wana vyoo ambavyo juu ya tangi pana beseni. Unanawa mikono, na maji yale yale yanajaza tangi kwa ajili ya kuvuta choo. Hakuna mtambo mwepesi kuliko huo.

Hata hivyo ghorofa nayo ina ndoo yake ya mafuta. Kama hakuna aliyeandikwa kulisafisha chujio, na kama gharama na faida hazikugawanywa mbele ya wote, mtambo wa bei kubwa utaziba kama pipa letu lilivyoziba.

Mkungu wa kwanza

Mkungu wa kwanza ulikatwa mwaka uliofuata. Niliubeba mwenyewe hadi nyumba ya chini. Mama yule aliupokea, akauweka kando, akaniongoza nyuma ya jiko kunionyesha chini ya ukuta mpya. Palikuwa pakavu, na kuku walikuwa wanajigaragaza kwenye vumbi. Hakusema kwamba yameisha, na mimi sikumwuliza. Wiki iliyofuata mwanawe alikuja kuuliza vipimo vya shimo.

Si kila kitu kimenyooka. Masika makubwa mashimo hufurika siku mbili tatu, na tumelazimika kuchimba mfereji wa maji ya mvua pembeni ili yasiingie humo. Mpangaji mmoja aliyehamia karibuni bado anamwaga beseni uani usiku, akidhani hatumwoni.

Lakini kwa wanaojenga vyumba vya kupangisha mwambao huu, na kwa wanaogawana viwanja, nina ombi moja. Kabla ya kuhesabu milango na kodi, simama juu ya kiwanja chako na ndoo ya maji, uimwage, uyafuate yanakokwenda. Ukikuta yanaishia kwenye ukuta wa mtu, basi shimo la migomba lichimbwe kabla ya msingi wa nyumba, na karatasi iandikwe kabla ya shimo.